Nani Alimchochea Daudi? Mistari Inayogongana na Swali Linalowasubiri Walimu wa Kinampanda

Nani aliyemchochea Mfalme Daudi awahesabu watu wake? Ukifungua Samweli wa Pili, sura ya 24, jibu ni Bwana mwenyewe, kwa hasira aliyokuwa nayo juu ya Israeli. Ukifungua Mambo ya Nyakati ya Kwanza, sura ya 21, tukio ni lile lile, mfalme ni yule yule, na jemadari Yoabu anapinga agizo kama alivyolipinga kule. Mchochezi tu ndiye aliyebadilika. Safari hii ni Shetani.

Na ukiendelea kusoma, mambo yanazidi. Kwa mujibu wa Samweli, Yoabu alirudi na hesabu ya wanaume wa kushika upanga 800,000 katika Israeli na 500,000 katika Yuda. Mambo ya Nyakati inataja 1,100,000 na 470,000. Nabii Gadi anapompelekea Daudi adhabu tatu ili achague moja, njaa ni ya miaka saba katika kitabu kimoja na mitatu katika kingine. Mwishoni Daudi ananunua kiwanja cha kupuria ngano ajenge madhabahu: huku analipa shekeli 50 za fedha, ng'ombe wakiwamo, kule shekeli 600 za dhahabu. Hata muuzaji ana majina mawili, Arauna na Ornani.

Yeyote aliyewahi kuhudhuria mihadhara ya dini iliyotapakaa Tanzania miaka ya 1980 na 1990 anaifahamu mistari hii, hata kama hajawahi kuisoma mwenyewe. Ilikuwa mikutano ya hadhara, uwanjani au pembeni mwa soko, spika mbili zimefungwa juu ya nguzo. Mzungumzaji hakushika kitabu. Kando yake alikaa msomaji, Biblia ya Union Version mkononi, ile iliyotoka kamili kwa mara ya kwanza mwaka 1952, vipande vya karatasi vikiwa vimechomoza kati ya kurasa. Mzungumzaji alitaja kitabu, sura na mstari, msomaji akasoma kwa sauti, kisha akaamriwa arudie. Akarudia. Umati ukaguna. Mara mstari wa pili ukaitwa, ukasomwa taratibu zaidi, na Mkristo aliyekuwa amesimama pale na mkoba wake wa soko akajikuta hana la kusema.

Wahubiri wa Kiislamu waliobeba mtindo huo walikuwa na mwalimu aliye mbali. Ahmed Deedat alizaliwa India mwaka 1918 na kukulia Durban, Afrika Kusini. Ujanani alifanya kazi ya duka karibu na misheni ya Adams, Natal, na wanafunzi wa chuo cha pale walikuwa wakiingia dukani na kumsumbua kwa maswali ya kuikejeli dini yake. Hakuwa na majibu. Ndipo akakuta kitabu Izhar al-Haqq cha Rahmatullah Kairanawi, mwanazuoni wa India aliyepambana kwa hoja na mmisionari Karl Pfander mjini Agra mwaka 1854. Humo alikuta mistari ya Biblia imewekwa jozi jozi, kila mmoja ukimkana mwenzake. Deedat aliifanya kazi hiyo maisha yake yote. Alizuru Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mdahalo wake na mhubiri wa Kimarekani Jimmy Swaggart, uliofanyika Baton Rouge mwaka 1986, ulizunguka Afrika Mashariki kwa kanda za video. Nchini, Mussa Fundi Ngariba na Mohammed Ali Kawemba waliandika Uislamu katika Biblia, kitabu kilichotoka mwaka 1987.

Haki inadai isemwe kwamba Wakristo ndio waliotangulia kuchokoza. Mwaka 1923 Kanoni Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, Zanzibar, alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili yenye maelezo ya kuipinga Kurani hiyo hiyo. Kilichofanywa na wahubiri wa mihadhara miaka 60 baadaye kilikuwa kupokea mchezo na kuugeuza. Serikali iliona hatari, na kwa nyakati mbalimbali mikutano ikazuiwa. Mhubiri mmoja wa Kiislamu mkoani Morogoro alitiwa hatiani kwa kuumiza hisia za dini, kwa kutamka hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, iliifuta hatia hiyo. Sheria ilikuwa imesema neno lake. Swali la Daudi lilibaki bila kujibiwa, kwa sababu si kazi ya mahakama kulijibu.

Ni kazi ya walimu. Na hapo ndipo Kinampanda inapoingia.

Kinampanda ni kata ya wilaya ya Iramba, mkoani Singida, katika nchi ya Wanyiramba, nchi ya alizeti, mtama na uwele, ambako mvua ikichelewa kila kaya inajua. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita vikawaondoa. Katika miaka ya 1920 kazi yao ilichukuliwa na Walutheri wa Augustana kutoka Marekani, kanisa lililoundwa mwaka 1860 na wahamiaji waliotoka Sweden. Augustana walijenga hospitali Kiomboi, na Kinampanda wakaweka chuo cha kufundishia walimu. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa KKKT, na baadaye chuo kikawa cha Serikali, kama shule nyingi za misheni baada ya Azimio la Arusha. Leo ni Chuo cha Ualimu Kinampanda, na anayehitimu hapo anaweza kupangiwa shule yoyote, Tandahimba au Ngara, mjini au porini.

Mwalimu huyo akifika shuleni anakuta kipindi cha dini kwenye ratiba, na mara nyingi anatazamwa yeye akisimamie. Huko chuoni alikotoka huenda aliimba na UKWATA ya Waprotestanti, au alikuwa TYCS ya Wakatoliki, au CASFETA ya Wapentekoste, wakati mwenzake wa kitanda cha juu ni mwanachama wa TAMSYA, jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu. Mabishano ya usiku bwenini ni mhadhara mdogo usio na spika. Siku moja mtoto wa darasa la sita atanyosha kidole na kuuliza Yuda alikufaje. Jibu atakalolipata mtoto huyo lina uzito kuliko mahubiri kumi.

Swali la Yuda ni zuri kwa sababu halihitaji hesabu. Katika Mathayo 27, Yuda anavirusha vipande vya fedha hekaluni, anakwenda kujinyonga, na makuhani ndio wanaonunua shamba la mfinyanzi kwa fedha zile. Katika Matendo 1, Yuda mwenyewe ndiye aliyenunua shamba, na humo akaanguka kifudifudi na kupasuka. Pande zote mbili zinakubaliana kuwa mahali pale paliitwa Shamba la Damu, lakini kila upande una sababu yake. Papias, askofu wa Hierapolis wa karne ya 2, alisimulia hadithi ya tatu kabisa, ya Yuda aliyevimba mwili kwa namna ya kutisha.

Jibu ambalo Wakristo wengi wamefundishwa ni kwamba kamba ilikatika: Yuda alijinyonga kwanza, kisha akaanguka. Ni jibu la zamani, na haliwezi kuthibitishwa kuwa la uongo. Tatizo lake ni kwamba halimo katika Mathayo wala halimo katika Matendo. Ni hadithi ya nne iliyoandikwa na msomaji ili kuziokoa mbili alizozikuta. Tena inaacha suala la nani alilinunua shamba likiwa pale pale.

Mlutheri wa Kijerumani Andreas Osiander aliifuata njia hiyo hadi mwisho wake. Mwaka 1537 alichapisha kitabu cha kuziunganisha Injili nne, na kwa kuwa hakukubali tofauti yoyote kati yao, kila tukio lililosimuliwa kwa namna mbili alilifanya matukio mawili. Ikabidi binti Yairo afufuliwe zaidi ya mara moja. Mtu anayetaka kuilinda Biblia kiasi hicho ameishia kuandika Biblia nyingine, na msichana wa watu amelazimika kufa tena ili hesabu ya Osiander ikae sawa.

Luther mwenyewe hakuwa na woga huo. Yohana anaweka kisa cha Yesu kuwafukuza wafanyabiashara hekaluni mwanzoni kabisa mwa huduma yake, sura ya 2. Mathayo, Marko na Luka wanakiweka siku za mwisho, kabla ya kukamatwa. Alipofika hapo katika mahubiri yake, Luther alisema wazi kuwa haya ni maswali, yatabaki kuwa maswali, na yeye hatayatatua. Mwanafunzi wa Iramba aliyelelewa na katekisimu ya Luther anastahili kuambiwa hivyo mapema.

Zipo tofauti ambazo zinahitaji uaminifu mdogo tu wa kukubali kilicho mbele ya macho. Mfalme Ahazia alianza kutawala akiwa na miaka 22, kinasema kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 8. Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 22, kimeandika 42. Lakini ukurasa mmoja nyuma yake kitabu hicho hicho kimetuambia baba yake, Yehoramu, alitawazwa akiwa na miaka 32, akatawala minane, akafa. Baba amekufa na miaka 40, na mtoto wake, tena mdogo kuliko wote, ana 42. Hapana fumbo la kiroho hapa. Mnakili fulani, kwa taa hafifu au kwa uchovu, aliandika namba isiyo yake, na waliokuja nyuma yake waliikuta ikiwa takatifu tayari. Tafsiri ya kale ya Kisiria ina 22, na baadhi ya tafsiri za siku hizi zimerudi hapo na kuweka maelezo chini ya ukurasa.

Goliathi naye ni hivyo hivyo. Katika Biblia nyingi ana dhiraa sita na shibiri, karibu mita 3. Katika tafsiri ya Kigiriki ya Septuaginta, iliyoanza kufanywa Aleksandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo, ana dhiraa nne na shibiri, kama mita 2. Magombo ya Qumran yalipoanza kupatikana mwaka 1947 kando ya Bahari ya Chumvi, kipande cha Samweli kilichokuwamo kikawa na nne pia. Na Septuaginta hiyo hiyo, katika habari ya sensa ya Daudi, ina njaa ya miaka mitatu katika Samweli, sawa na Mambo ya Nyakati. Kwa hiyo moja ya tofauti zilizopigiwa kelele uwanjani huenda haikuwapo hata kidogo katika nakala fulani za kale.

Hata wakali wa msimamo wanalijua hilo. Wachungaji na wataalamu zaidi ya 200 waliotia saini Azimio la Chicago mwaka 1978, wakitetea kwamba Biblia haina kosa, waliweka sharti: kutokukosea huko ni kwa maandishi ya awali, si kwa nakala zilizofuata. Maandishi hayo ya awali hayapo tena. Mhubiri wa Kipentekoste anayesema kwa sauti kuu kwamba kila nukta ya kitabu alichokishika imelindwa isikosewe amedai kuliko walivyodai walinzi wenyewe, na anawaachia vijana wake mzigo ambao hataubeba yeye uwanjani.

Basi sensa ya Daudi. Ukiondoa idadi na bei, ambazo wanakili na waandishi wangeweza kuzivuruga au kuzikuza, linabaki lile la Bwana na Shetani, na hilo halikuteleza kutoka kalamu ya mtu aliyechoka. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba mwandishi wa Mambo ya Nyakati aliishi baada ya Wayahudi kurudi kutoka uhamishoni Babeli, na kwamba alikuwa na kitabu cha Samweli, au kilicho karibu nacho sana, mbele yake. Alikinakili mahali pengi karibu neno kwa neno. Alipofika hapa akasimama. Kwa Samweli, lolote litokealo, jema au baya, linatoka kwa Mungu, kwa kuwa hakuna mwingine wa kulitenda. Mwandishi wa baadaye alishindwa kuandika kwamba Mungu amemsukuma mtu dhambini kisha akawapiga watu 70,000 kwa tauni kwa sababu ya dhambi hiyo. Akaandika Shetani.

Huyo ni mwamini anayebishana na kitabu chake kitakatifu, ndani ya kitabu chake kitakatifu. Na waliokusanya vitabu hawakumfuta yeye, wala hawakumfuta yule wa kwanza. Mama wa Kinampanda aliyezika mtoto wakati wa njaa ameuliza swali hilo hilo bila kujua sura wala mstari: hili limetoka kwa Mungu, au kwa adui? Kumwambia kwamba mistari haigongani ni kumnyima wenzake wawili waliouliza kabla yake.

Tena isidhaniwe kwamba wazee hawakuona. Takriban mwaka 170 Tatian, Mkristo wa Siria, alizichukua Injili nne na kuzisuka kuwa simulizi moja laini, Diatessaron. Tofauti zote zikaondoka. Kanisa la Siria lilikipenda kitabu hicho na kukisoma ibadani kwa vizazi. Karne ya 5 Theodoret, askofu wa Cyrrhus, alikusanya nakala zake zaidi ya 200 katika makanisa yake, akaziondoa, akarudisha Injili nne na migongano yake yote. Kitabu kisicho na mikwaruzo kilikuwapo, kilijulikana, na kikaachwa kwa makusudi. Ukweli huu mmoja ungefundishwa katika kila darasa la kipaimara, mihadhara mingi ingekosa mwiba.

Marabi nao walikuwa na tatizo lao katika Mithali. Sura ya 26, mstari wa 4, unakataza kumjibu mpumbavu kwa kadiri ya upumbavu wake. Wa 5, unaofuata bila hata nafasi ya kuvuta pumzi, unaagiza ajibiwe. Talmudi inasimulia kwamba wenye hekima waliwahi kutaka kitabu kizima kiwekwe kando kwa kujipinga, kisha wakakiacha, wakieleza kuwa mstari mmoja unahusu mambo ya Torati na mwingine mambo ya dunia. Mswahili hahitaji Talmudi kulielewa hili. Haraka haraka haina baraka, na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Zote mbili tumelelewa nazo, na hakuna aliyewahi kupeleka methali hizo baraza la wazee zikashitakiana. Kila moja inangoja siku yake.

Kwa Walutheri, hata hivyo, mgongano wenye uzito uko kwingine, kwenye mlango wa nyumba yao wenyewe. Paulo katika Warumi 3 anafundisha kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, pasipo matendo ya sheria. Yakobo katika sura yake ya 2 anasema mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake. Wote wawili wanamwita shahidi mmoja, Ibrahimu, na wote wawili wanautegemea mstari mmoja wa Mwanzo 15. Paulo anakazia kwamba Ibrahimu alihesabiwa haki kabla hajatahiriwa. Yakobo anampeleka mlimani na Isaka juu ya madhabahu.

Luther, ambaye alijenga matengenezo yake yote juu ya Paulo, hakumficha mtu hasira yake. Katika Agano Jipya la Kijerumani la mwaka 1522 alitia neno la kumaanisha "peke yake" katika Warumi 3:28, ambalo Kigiriki hakina. Waraka wa Yakobo aliufananisha na majani makavu, akausukuma nyuma kabisa pamoja na Waebrania, Yuda na Ufunuo, na katika orodha ya vitabu akavinyima vinne hivyo namba. Baadaye aliahidi kofia yake ya udaktari kwa yeyote atakayewapatanisha Paulo na Yakobo. Lakini hakuutoa. Mtu aliyekuwa na nguvu ya kuuondoa waraka ule katika Biblia ya Wajerumani aliuacha uendelee kumpinga.

Mabishano hayo yaligawanya Ulaya, na mgawanyiko ukaletwa hadi Singida ukiwa umefungwa vizuri: Mlutheri Iramba, Mkatoliki kwake, kila mmoja na hospitali yake na shule yake, kila mmoja na mstari wake. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Shirikisho la Walutheri Duniani, ambalo KKKT ni mwanachama wake na ambalo mwaka 1977 mkutano wake mkuu ulifanyika Dar es Salaam na kumchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais, lilitia saini na Vatikani tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Walisema wanasadiki pamoja kwamba wokovu ni kwa neema, na kwamba matendo mema ni matunda yake. Ilichukua karibu miaka 480. Katika miaka hiyo hakuna mtu aliyegundua mstari mpya. Walisoma ile ile, safari hii wakiwa wamekaa meza moja.

Na Yakobo anapoeleza maana yake, mfano wake ni wa ndugu asiye na nguo wala chakula cha siku, anayeambiwa aende kwa amani, apate joto na kushiba, bila kupewa kitu. Mfano huo haumhitaji mfafanuzi katika wilaya yenye ukame. Hospitali ya Kiomboi na madarasa ya Kinampanda yalijengwa na wafuasi wa Luther. Mwenye macho anaweza kuona wamemsikiliza nani zaidi siku hiyo.

Mgongano mwingine umeamua maisha ya watu walio hai. Katika Wakorintho wa Kwanza, sura ya 11, Paulo anazungumzia mwanamke anayesali na kutoa unabii kanisani, na anachotaka ni kwamba afunike kichwa. Sura ya 14 ya waraka huo huo inawataka wanawake wanyamaze katika makanisa. Kati ya ruhusa na katazo kuna sura mbili tu. Warumi 16 inamsifu Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea. Matendo 21 inawataja mabinti wanne wa Filipo waliokuwa wakitabiri. Kisha Timotheo wa Kwanza, sura ya 2, unamkataza mwanamke kufundisha.

Kwa miaka mingi KKKT ilikuwa na wanawake waliosoma teolojia, wengine katika chuo cha Makumira, waliorudi usharikani na elimu ya mchungaji bila kola ya mchungaji. Walifundisha, walizika, waliongoza vikundi, na meza ya Bwana wakaachiwa wanaume. Wapinzani walishika sura ya 14. Watetezi walishika ya 11, na Wagalatia 3, na mabinti wa Filipo. Mwaka 1990 kanisa liliamua kuwabariki wanawake kuwa wachungaji, na wa kwanza wakabarikiwa mwaka 1991. Si dayosisi zote zilizoanza kwa pamoja.

Jambo lenye kustaajabisha ni kwamba mmoja wa wataalamu waliotoa hoja kali zaidi juu ya sura ya 14 alikuwa Mpentekoste, Gordon Fee wa Assemblies of God. Katika ufafanuzi wake wa mwaka 1987 alionyesha kwamba katika baadhi ya nakala za kale mstari wa 34 na wa 35 haiko mahali pake pa kawaida, bali imekuja baada ya mstari wa 40. Maandishi yanayohama hama, alihoji Fee, huwa yalianza kama maelezo ya pembeni, yakaingizwa ndani na wanakili, huyu hapa, yule pale. Wengine hawakubaliani naye, kwa kuwa hakuna nakala ya waraka huo iliyopatikana isiyo na mistari hiyo kabisa. Hoja zote mbili zinaweza kuelezwa kwa nusu saa kwa wanachuo wa mwaka wa kwanza wakiwa na Biblia mbili na ubao, na wakaelewa.

Wakishamaliza hapo wafungue habari za asubuhi ya Pasaka. Yohana anamleta kaburini Maria Magdalena. Mathayo ana wanawake wawili, Marko watatu, Luka anataja watatu na kuongeza wengine. Malaika ni mmoja kwa Mathayo na wawili kwa Yohana. Marko ana kijana mmoja, Luka wanaume wawili. Mathayo anasema wanawake walikimbia kwenda kuwapasha wanafunzi habari. Marko 16:8 unasema hawakumwambia mtu, maana waliogopa, na katika nakala mbili kubwa za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, Injili ya Marko inaishia papo hapo. Hawa ndio mashahidi wa jambo ambalo ukristo wote umesimama juu yake, na hawakukaa chini kupanga maneno yao yafanane. Lakini jina la Maria Magdalena halikosekani kwa yeyote kati ya wanne, katika enzi ambayo ushahidi wa mwanamke ulidharauliwa. Asiyetaka kuona tofauti zao hawezi pia kuona ni wapi wamekubaliana.

Ama lile swali la wanawake kanisani, mwezi Januari 2021 Kanisa Anglikana la Kenya lilimweka wakfu Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo, na Septemba mwaka huo Rose Okeno akawa askofu wa Butere. Yapo makanisa mengine, Tanzania na Kenya, ambayo yamezisoma sura hizo hizo za Wakorintho na kufikia uamuzi ulio kinyume, nayo yana hoja zake. Vijana wa makanisa hayo yote, wasichana kwa wavulana, wanapelekwa vyuo vya ualimu pamoja, na katika kipindi cha mazoezi ya kufundisha watakabidhiwa darasa moja, chaki moja, na watoto wenye maswali ambao hawajafundishwa bado kuyaogopa.